Kununua gari dogo la paa la kufunua, la otomatiki, ukiwa Unguja au Pemba: nenda na ndoo ya maji

Gari la kwanza la paa la kufunua nililinunua kwa macho. Lilikuwa Mazda Roadster la kijivu, limeegeshwa Kiembe Samaki chini ya banda la makuti, limesuguliwa nta mpaka unajiona ndevu mlangoni. Ilikuwa Januari, kaskazi inavuma, mbingu safi. Nikalizunguka mara mbili, nikalitia moto, injini ikalia vizuri, nikatoa pesa. Masika yalipoingia, asubuhi moja nilifungua mlango nikakuta kandambili za mwanangu zinaelea mbele ya kiti cha abiria.

Injini ya gari lile haikunisumbua mpaka siku niliyoliuza. Kilichonitia hasara ni maji. Zulia lilinuka ukungu, nyaya za chini ya kiti zikaota kijani, na mwaka wa pili fundi bodi alipougonga ubavu wa chini ya mlango kwa bisibisi, bisibisi ikazama. Ndiyo maana mwongozo huu umepinduliwa. Watu wengi huanza kwa kufungua boneti. Mimi nakwambia anza na paa, shuka sakafuni, uende kwenye gia, injini uiache mwisho.

Na kwa nini otomatiki? Mimi goti langu la kushoto liliumia uwanjani zamani, na foleni ya Darajani saa saba mchana mguu hauiwezi. Wapo watakaokwambia kuwa gari la mchezo bila ya klachi ni pilau bila ya nyama. Waache wale pilau lao.

Hatua ya 1: Jua gari kabla ya kujua bei

Mengi ya magari haya yanatufikia kutoka Japani, usukani uko kulia, na chasisi yake inaanza na herufi chache zinazokwambia gari ni lipi hasa. Zijue kabla hujapiga simu, kwa sababu dalali atakwambia "Mazda ya wazi" na asiongeze neno.

Mazda Roadster, ambalo nchi nyingine linaitwa MX-5, lilianza kuuzwa 1989, na ilipofika Aprili 2016 kiwanda kilikuwa kimeshatoa gari la milioni moja. Wingi huo una faida kwako: spea zake hazijapotea duniani. Toleo la kwanza, NA, ndilo lenye taa za kuinuka na kulala, na lilitengenezwa hadi 1997. NB ni la 1998 hadi 2005, NC la 2005 hadi 2015, na ND limeanza 2015. Kwenye chasisi, NB6C ni injini ya sisi 1600 na NB8C ni 1800. NCEC ni 2000. ND5RC ni 1500. Otomatiki ya NA na NB ina gia 4, ya NC na ND ina gia 6.

Daihatsu Copen ni dogo zaidi. La kwanza, L880K, ni la 2002 hadi 2012: sisi 659, silinda 4, turbo, nguvu farasi 64, ambazo ndizo kikomo cha magari madogo ya aina hiyo huko Japani. Usicheke, gari lenyewe jepesi na linaruka. Otomatiki yake ni ya gia 4. La pili, LA400K, lilitoka 2014 likiwa na silinda 3 na otomatiki ya CVT, isiyokuwa na gia za kuhesabu. Yote mawili kuna yenye paa gumu linalojikunja lenyewe na kuingia kwenye buti, na likishaingia, buti huna tena.

Honda S660, la 2015 hadi 2022, lina CVT na injini iko nyuma ya viti. Zuri kulitazama, ila huna pa kuweka hata kikapu cha samaki. Babu yake, Honda Beat la 1991 hadi 1996, lilitoka kwa gia za mkono tu. Atakayekuuzia Beat ya otomatiki anakuuzia hadithi.

Toyota MR-S linahitaji tahadhari. Lipo la pedali mbili tu, na watu huliuza kama otomatiki, kumbe ndani mna klachi ya kawaida inayobanwa na mashine ya haidroliki. Mashine hiyo ikichoka, kutafuta mtu wa kuitengeneza ni safari. Peugeot 206 CC la otomatiki lina sifa mbaya ya valvu za umeme ndani ya gia boksi, na Mercedes SLK la zamani lina paa la haidroliki ambalo likivuja linakuvujia wewe mfukoni. Hayo mawili nimeyapanda, sikuyanunua.

Ukiniuliza mimi, kwa mara ya kwanza tafuta Roadster la NB au NC lenye paa la turubai la kufunua kwa mkono. Halina mota wala pampu ya paa. Unakaa kitini, unafungua kufuli juu ya kioo, unalisukuma nyuma, basi. Hewa ya chumvi hula swichi na soketi kwanza kabla haijala kitu chengine, na paa la mkono halina swichi.

Hatua ya 2: Piga simu, uliza limelala wapi

Sitaki uulize kwanza limetembea kilomita ngapi. Kilomita zinarudishwa nyuma. Uliza hivi:

"Assalamu alaykum. Lile gari bado lipo?"

"Waalaykumu salaam. Lipo yakhe, zima kama lilivyotoka melini."

"Tangu litoke melini limelala wapi?"

"Limelala wapi vipi?"

"Usiku. Lilikuwa linalazwa wapi?"

"Aa. Kwanza lilikuwa Paje, kwa mwenye nyumba ya wageni. Sasa liko kwangu Mbweni, ndani ya geti."

Hapo umeshapata zaidi ya ulichouliza. Paje, Jambiani, Bwejuu na pwani yote ya mashariki inakula upepo wa kusi miezi kadhaa mfululizo, na kusi unakuja na rasharasha ya bahari. Gari lililolala huko miaka mitatu bila ya kifuniko lina umri mkubwa kuliko ulioandikwa kwenye kadi. Si kwamba usiende kulitazama. Nenda, lakini nenda na sumaku.

Muulize pia kama anayo karatasi ya mnada wa Japani. Ina alama ya jumla, kama 4 au 4.5, na ikiwa pana herufi R, gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Ikionyesha lilitoka Hokkaido, kumbuka kuwa barabara za kule humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Unaweza kupata gari lililoliwa na chumvi mara mbili, kule na huku.

Hatua ya 3: Siku ya kulitazama

Nenda asubuhi, na mwambie mwenye gari tangu jana yake asiliwashe. Injini na gia za baridi hazijui kuficha. Ukigusa boneti ukaikuta ina moto, kunywa chai yake, ongea naye, uombe siku nyengine. Mwezi wa Ramadhani usipange baada ya alasiri. Kila mtu ana haraka ya kurudi nyumbani, na wewe ndiye utakayepitiwa na kasoro.

Chukua tochi, mkeka wa kulalia chini, sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kwenye kitambaa isikwaruze rangi, karatasi nyeupe laini, na ndoo. Fundi wako naye aje, na awe anayefungua gia boksi za otomatiki kwa mkono wake. Fundi wa kila kitu atakuangalizia plagi, akwambie gari zuri.

Hatua ya 4: Paa na ndoo

Anza likiwa limefungwa. Pitisha vidole kwenye mishono ya turubai, hasa pale linapokunjwa juu ya mabega ya viti. Kitambaa kilichokufa huwa kigumu na kinatoa unga mweupe kidoleni. Tundu dogo fundi wa makochi analishona, lakini tundu kwenye mkunjo litarudi. Kioo cha nyuma cha NA ni plastiki na jua letu hulifanya kama karatasi ya maandazi, la njano lisiloonyesha kitu. NB limekuja na kioo cha kweli.

Tazama pia mikwaruzo midogo midogo ya mistari mitatu mitatu. Hao ni paka. Paa la turubai lenye joto la injini karibu ni kitanda cha paka, na Mji Mkongwe paka hawahesabiki. Matundu kwenye raba za juu ya vioo ni kunguru. Walitiwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, na mpaka leo hawajashiba.

Sasa ndoo. Mwombe mwenye gari ruhusa kwanza; wengine hucheka, wengine hununa. Anayenuna ameshakujibu. Wewe ingia ndani, funga milango na vioo, na mwenzako amwage kwa kata, polepole, si kwa fujo. Aanze juu ya kioo cha mbele, pembe zote mbili, kisha juu ya vioo vya milango, kisha nyuma pale turubai linapokutana na bodi. Kila pahala kata tano sita. Wewe ndani una tochi. Mara ya mwisho nilipofanya hivi, gari lilikuwa Bububu, paa jipya kabisa, na nilikuwa karibu ya kusema "alhamdulillahi" niliposikia tone moja. Sikuliona. Nikapitisha mkono nyuma ya kiti, penye mkanda wa usalama, nikakuta karatasi niliyoiweka pale imelowa.

Na hapo ndipo penye ugonjwa wa Roadster. Chini ya turubai, nyuma ya viti, mna mfereji unaopokea maji ya mvua na kuyapeleka kwenye tundu mbili, moja kila upande, zinazotoka chini ya gari mbele kidogo ya matairi ya nyuma. Ndivyo lilivyotengenezwa, maji lazima yapite pale. Gari likilazwa chini ya mwembe au muarobaini, majani yanaoza mle, tundu zinaziba, mfereji unafurika. Maji yanakwenda sakafuni, mengine yanaingia ndani ya ubavu wa chini ya mlango na kukaa. Kwa hiyo mwenzako akimwaga nyuma, wewe toka utazame chini: maji yatoke pande zote mbili, kwa kasi inayolingana. Upande mmoja ukichuruzika na mwengine ukibaki mkavu, uliza maji yamekwenda wapi.

Paa la umeme jaribu kulifungua na kulifunga mara tatu mfululizo, injini ikiwa inawaka ili betri isichoke. La NC gumu linakwenda kwa mota na huchukua sekunde 12 hivi. La Copen L880K linakwenda kwa pampu ya mafuta. Sikiliza kama pampu inalia kwa taabu, na funua zulia la buti utazame kama pana mafuta. Likigoma mara ya tatu, limegoma.

Hatua ya 5: Sakafu na ubavu

Vua zulia, au angalau lifunue kwenye pembe. Mkono wako ubonyeze sponji ya chini yake. Zulia la juu linaweza kuwa kavu limeanikwa jana, na chini yake ukakamua maji. Harufu nzito ya udi au ya marashi ndani ya gari lililofungwa nayo ni dalili. Sisi sote tunapenda udi, lakini gari halikufukizwa kwa ajili yako tu.

Kisha tandika mkeka ulale chini. Gari la kawaida linapata sehemu ya ugumu wake kutoka kwenye paa. La kufunua halina paa, kwa hiyo mzigo wote umebebwa na sakafu na ule ubavu wa chini ya mlango unaouvuka ukiingia. Ukioza huo, gari linapinda. Pitisha sumaku kwenye ubavu kuanzia mlangoni kwenda gurudumu la nyuma. Pale inapoacha kushika, pana puti chini ya rangi. Gonga kwa ncha ya bisibisi: chuma kizima hulia, kibovu hutoa sauti ya mkate mkavu.

Kipimo chengine nimefundishwa na fundi mmoja wa Mwanakwerekwe, mtu mzima asiyependa maneno. Alilipiga jeki gari upande mmoja, gurudumu likaachana na ardhi, akaniambia, "Sasa funga mlango, kijana." Mlango haukufunga. Ulikuwa unagota kwenye kufuli kama mtu aliyekosea ufunguo. Akashusha jeki, akapangusa mikono, akaenda zake. Sikuhitaji maelezo mengine. Jaribu hivyo milango yote miwili, na jeki iwekwe pale palipotengenezewa jeki, usije ukatoboa wewe gari la watu.

Kutu ya juu juu kwenye bomba la moshi na kwenye vyuma vya shokapu isikutishe. Kwetu hapa hata msumari mpya unaota kutu dukani.

Hatua ya 6: Gia

Mwenye gari akisema "otomatiki", neno hilo limebeba mashine tatu. Ya kwanza ni ya tokikonveta, ambapo oili ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia; ndiyo ya Roadster zote na ya Copen L880K. Ya pili ni CVT, mkanda wa chuma unaozunguka baina ya kapi mbili, hauna gia za kuhesabu. Ya tatu ni ile ya MR-S niliyokwishaisema. Mimi nachukua ya kwanza, kwa sababu mafundi wetu wameizoea kwenye magari mengine.

Injini ikiwa baridi, washa, kanyaga breki, toa P (kuegesha) weka R (kurudi nyuma). Gia ishike ndani ya sekunde moja au mbili, kwa mguso mdogo tu. Ikikawia halafu ikapiga teke, imechoka. Rudia N (gia huru), D (kwenda mbele), kisha R tena. Taa ya O/D au HOLD kwenye deshibodi ikiwa inapepesa, kompyuta ya gia ina la kusema, na mashine ya kusoma hitilafu iletwe hapo hapo.

Oili tazama baada ya kutembea, injini ikiwa moto na inanguruma, kwa magari yenye kijiti chake. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu safi kama maji ya rozela, vizuri. Kahawia yenye harufu ya kuungua, sahani za ndani zinakwisha. Ikiwa ya waridi kama imetiwa maziwa, maji ya rejeta yameingia, na hapo usiongee bei, rudi nyumbani. Gari lisilo na kijiti, fundi atafungua boliti chini.

Kwa CVT liko jambo moja tu nalotaka ulikumbuke: oili yake si ATF, ile oili nyekundu ya kawaida ya gia za otomatiki. Wako watu wanaotia nyekundu kila pahala kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Ukikuta kopo la ATF ndani ya buti la Copen LA400K, uliza lilitumika wapi, na umtazame mtu usoni anapojibu.

Hatua ya 7: Injini, kwa ufupi

NA, NB na Copen L880K zina mkanda wa taimingi, sio cheni. Bila ya ushahidi wa lini ulibadilishwa, hesabu kuwa haujabadilishwa na uutoe kwenye bei. NC ina cheni. Moshi wa buluu asubuhi ni oili inayoungua. Turbo ya Copen isikilize kama inapiga mluzi mkali kuliko kawaida. Tazama maji ya rejeta, washa kiyoyozi dakika kumi gari likiwa limesimama juani uone kama joto linapanda. Ndiyo, kiyoyozi kwenye gari la wazi. Utalifunua asubuhi na baada ya alasiri. Saa sita mchana viti vya ngozi vinachoma mapaja, na mama watoto hatakubali mtandio wake upeperuke mpaka Chwaka.

Betri ya NA na NB iko kwenye buti. Watu wanaitafuta mbele wakaikosa. Tazama kama tindikali imemwagika ikala bati la chini yake.

Hatua ya 8: Njia ya kulijaribia

Kuzunguka mtaa mara moja si majaribio. Kwa Unguja napenda kutoka Mwanakwerekwe, Tunguu, mpaka Jozani, na kurudi. Njia ni nyoofu kiasi cha kuliacha gari litulie kwenye kilomita 60 hadi 70 kwa saa, mguu mwepesi. Hapo ndipo tokikonveta inapojifunga, na iliyochoka hutetemesha gari kama linapita juu ya bati la msumeno. Kanyaga ghafla mara moja pakiwa wazi, uone kama gia inashuka na gari linavuta, au injini inapiga kelele na gari lipo pale pale. Hiyo ya pili inaitwa kuteleza.

Ukifika msituni pana matuta yaliyowekwa kuwanusuru kima punju. Yavuke polepole, kwa mshazari, na usikilize chini. Gari likikwangua kwa watu wawili tu, ama springi zimekatwa ama shokapu zimekufa, na kila kijiji utakachopita kina tuta lake.

Kisha rudi ujitie kwa makusudi kwenye msongamano wa soko la Mwanakwerekwe, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi. Nusu saa ya kwenda na kusimama, oili ya gia imeshapata moto. Sasa rudia P, R, N, D kama ulivyofanya asubuhi. Gia nyingi mbovu huwa nzuri baridi na huanza kukawia zikipata moto, na muuzaji mjanja analijua hilo. Ndiyo maana anapenda ulijaribu dakika tano.

Aliyeko Pemba ana bahati, vilima anavyo. Kutoka Chake kwenda Mkoani utapanda na kushuka mpaka gia ikiri kila kitu. Simamisha gari kwenye mpando, weka R, uone kama linarudi kwa nguvu zake. Ila ukilinunua Unguja ukalivusha Pemba kwa meli inayobeba magari, kumbuka mlango wa meli: maji yakipwa unasimama wima, na bampa la mbele la gari la chini namna hii hugusa kabla ya gurudumu. Mwombe msimamizi wa gati akuambie saa ya maji kujaa, au beba vipande viwili vya mbao.

Hatua ya 9: Kadi na bei

Soma namba ya chasisi kwenye bodi kwa macho yako, ulinganishe na kadi herufi kwa herufi. Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Kama mwenye kadi ameshafariki, gari hilo ni mirathi, na saini ya mtoto mmoja haitoshi hata akiwa ndiye aliyeshika ufunguo. Warithi wote wajulikane, na kama wamekwenda kwa kadhi, uone karatasi. Nimeona ndugu wakigombana juu ya gari ambalo mnunuzi ameshalipaka rangi nyengine.

Tazama pia kama namba inaanza na Z au na T. La Z ukitaka kulipeleka Bara lina taratibu zake za forodha, zijue kabla hujakata tiketi ya meli.

Ukifika kwenye bei, usiseme "gari bovu". Litaje jambo moja moja na gharama ya fundi: mfereji wa kushoto umeziba, mkanda wa taimingi haujulikani, matairi ya zamani. Tairi lina tarehe yake ubavuni, tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Saizi za Copen, kama 165/50 R15, hazikai kila duka, kwa hiyo tairi nne nzima zina thamani zaidi ya unavyodhani. Elewaneni mapema nani anamlipa dalali. Mkataba andikeni mbele ya sheha au wakili, na pesa zipite benki.

Bima ndogo inatosha kwa sheria. Kwa gari ambalo mwizi anaweza kulifungua kwa wembe, mimi nimekata kubwa, na ndani siachi hata miwani.

Hatua ya 10: Wiki ya kwanza

Badilisha oili ya gia, kwa kuimwaga na kutia mpya ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, si kwa kuisukuma kwa mashine. Chini ya gari paoshwe kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi. Ukipigiwa oili chafu chini ya gari kuzuia kutu, usikubali iguse raba za paa, zitavimba; raba hizo zipake glisirini. Mafuta ya nazi niliyajaribu, nikapata msafara wa sisimizi kutoka ukutani mpaka kwenye usukani.

Nenda Malindi kwa wauza zana za uvuvi, nunua mshipi mnene wa nailoni, pima mita mbili. Funua turubai, tafuta tundu la mfereji nyuma ya kila kiti, ingiza mshipi taratibu ukiuzungusha mpaka utokee chini. Usitumie waya, unatoboa bomba. Lile la Bububu nililinunua hatimaye, kwa bei ya tone lile moja, na kilichotoka kwenye mfereji wake wa kulia kilikuwa majani ya mwembe yaliyogeuka matope, kokwa ya zambarau, na karatasi ya peremende yenye maandishi ya Kijapani.

Mshipi uache ndani ya buti. Usiku wa mvua kubwa ya kwanza, tandaza gazeti chini ya zulia pande zote mbili, na asubuhi, kabla ya chai, lifunue ulitazame.